Bati Chini ya Kisigino

Trekta ilikuwa katikati ya safu ya tano, ikipanda, ilipoanza kulegea tena. Injini haikubadilika sauti. Visu vilivyoning'inia tumboni mwake viliendelea kukata vizuri. Ni magurudumu tu yaliyopunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka yakasimama kabisa ubavuni mwa kilima huku Arvil Deaton akikanyaga pedali hadi mwisho bila kupata kitu.

Alizima visu, akashika breki, akaiachia trekta irudi nyuma taratibu hadi mahali palipokuwa na utambarare kidogo. Kisha akazima injini. Akatoa mfukoni karatasi ya ratiba ya ibada ya Jumapili iliyopita na kipande cha penseli, akatazama saa, akaandika: 11. Juu yake paliandikwa 18, na juu ya 18 paliandikwa 26. Hizo zilikuwa dakika ambazo trekta ilifanya kazi kabla ya kulegea.

"Ngapi?" Glenna, mkewe, aliuliza. Alikuwa safu mbili chini, akipunguza majani kandokando ya mawe ya makaburi kwa mashine ya mkono yenye uzi.

"Kumi na moja."

"Inapungua."

"Kusoma najua, mama."

"Sijasema hujui kusoma. Nasema inapungua."

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ingekuwa siku ya mapambo, siku ya kupamba makaburi kila mwaka, na ukoo mzima wa Deaton ungepanda kilima hiki kutoka kila walikotawanyikia, wakiwa na maua ya plastiki na ya kweli, na vyakula vya kupanga juu ya meza ndefu chini ya miti. Mvua ilikuwa imenyesha siku nane mfululizo na majani yalifika magotini. Arvil ndiye aliyekuwa akikata majani ya makaburi haya tangu mgodi ulipofungwa, miaka kumi na tisa sasa, na katika muda wote huo hakuna aliyekuja siku ya mapambo akamkuta mtu wake amefunikwa na majani.

Trekta yenyewe ilikuwa ndogo, ya kumtosha mwenye shamba la ekari chache. Haikuwa na giya za kubadilisha kwa mkono kila mara. Ndani ya sanduku lake la giya kulikuwa na mafuta yanayosukumwa kwa nguvu, na mafuta hayo ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi kama maji, na yakiwa mepesi hayasukumi tena. Arvil aliyajua hayo yote. Aliweka mwendo mdogo kwa ajili ya mlima, kama inavyotakiwa. Jumatatu alikuwa amebadilisha mafuta na chujio, na si mafuta ya ndoo ya bei rahisi ambayo kila mtu bondeni anatumia, bali yale yaliyotajwa kwenye kitabu, dola mia moja na hamsini na mbili, pesa zilizokuwa za miwani mipya ya Glenna. Alisafisha rejeta kwa upepo. Alipuliza kila tundu aliloweza kuliona. Bado trekta ilikuwa inachoka, na kila ikipumzika ilichoka mapema zaidi.

"Labda imezeeka tu," Glenna alisema.

"Ina miaka kumi na miwili."

"Na wewe una sitini na nane, na bado nakulisha."

Arvil alicheka kidogo puani, akabaki ameketi kitini akisubiri ipoe.

*

Hobert Deaton alifika kwa pikapu yake safi kabla ya saa sita. Alikuwa binamu wa Arvil na mwenyekiti wa kamati ya makaburi, mtu mpole aliyewahi kuwa karani wa benki na ambaye bado alikunja mikono ya shati mara mbili tu, kwa usawa. Alisimama langoni akaangalia. Chini kulikuwa kumekatwa safu nne na nusu. Juu kulikuwa na pori.

"Shemeji," alimsalimu Glenna, akagusa kofia. "Mwanamume wako ameketi anaomba dua?"

"Anasubiri chombo kipoe."

"Habari ya joto, binamu?"

"Joto lipo," Arvil alisema. "Linakuja."

Hobert alipanda polepole, akikwepa mawe, na alipofika safu ya tisa, kwenye majani marefu, alisimama kwenye kaburi la mama yake. Pembeni mwa jiwe hilo kulikuwa na ukanda wa udongo mtupu, mrefu kama mtu, ambapo majani hayakuota. Mwaka uliopita, mwezi wa tisa, kisiki cha mti wa miba kilichokatwa vibaya kilitoboa bomba la mafuta chini ya trekta, na lita kumi na kitu zilimwagika hapo kabla Arvil hajatambua. Hobert hakulalamika siku ile. Leo pia hakulalamika. Alisimama tu akautazama ukanda ule, na hilo lilimchoma Arvil kuliko kama angetukanwa.

"Haitatokea tena," Arvil alisema. "Wakati wa baridi niliifunga mkanda wa mgodini chini kote. Hata risasi haipiti."

Hobert aliitikia kwa kichwa. Hakuna nyumba katika bonde lile isiyokuwa na mkanda wa mgodini. Mgodi ulipofungwa, wanaume waliondoka na vipande vya ule mkanda mpana, mnene, uliokuwa ukibeba makaa, na tangu hapo ulikuwa zulia la mlangoni, bawaba ya banda, kitanda cha mbwa, vizuia matope vya gari. Kitu kikikatika au kikitoboka, watu walikata mkanda.

"Sikiliza, Arvil. Kuna vijana kule mjini. Wana mashine mbili za kukata majani, zile za kugeuka papo hapo. Wanasema kwa muda wa saa mbili watakuwa wamemaliza kilima chote. Kesho wana nafasi, lakini wanataka jibu leo kabla ya saa kumi na moja jioni."

"Mashine zile zitapasua mawe."

"Nitawaambia waende taratibu."

"Na wale wasio na majina?"

Kati ya makaburi yenye mawe ya kununuliwa kulikuwa na mengine yenye vipande vya jiwe la mtoni tu, vimechomekwa ardhini, vingi havizidi kimo cha kiatu. Walikuwa watoto wachanga wa zamani, watu waliokufa kwa homa, na mmoja aliyesemekana kuwa mchuuzi aliyepita tu. Majani yakishaota, vijiwe hivyo havionekani.

"Nitawachorea ramani," Hobert alisema.

"Ramani gani? Wako wangapi?"

"Ishirini hivi."

"Thelathini na mmoja."

"Haya, thelathini na mmoja. Binamu, siwezi kuwaleta akina shangazi Ola hapa na viti vyao vya magurudumu wakakuta majani kiunoni. Hakuna mtu anayekuondoa."

"Sijasema unaniondoa."

"Sikuondoi. Mwaka huu tu. Na kama vijana watafanya vizuri, basi, unajua, kamati itatazama."

"Itatazama," Arvil alisema.

"Nitarudi saa kumi na moja kasorobo," Hobert alisema. "Kama umefika nusu, sitapiga simu. Naahidi."

Aliteremka, akamwambia Glenna pole kwa sauti ya chini, akaondoka.

*

Walikula nyuma ya pikapu yao, ubao wa nyuma ukiwa umeshushwa. Mkate wa mahindi wa jana, maharage kwenye chupa ya kutunzia joto, vitunguu vibichi kutoka bustanini. Arvil alikula bila kuiondolea macho trekta.

"Tangu lini imeanza kuchoka hivi?" Glenna aliuliza.

"Mwezi wa nne. Mara ya kwanza niliyokata."

"Mwaka jana haikuwa hivi."

"Hapana."

"Joto liko wapi hasa?"

"Kwenye sanduku la giya. Chini ya kiti, chini ya lile bati la kukanyagia."

"Umeligusa?"

"Nimegusa nini, Glenna? Kisigino changu kiko juu ya bati hilo kutwa nzima. Nimekuwa nikilisikiliza. Si moto kihivyo. Ndiyo maana nasema labda ni pampu ndani, si joto."

Glenna alikuwa amepika jikoni mwa shule miaka ishirini na miwili, na alikuwa na mazoea ya kutoamini mtu anayemwambia kitu ni cha moto au si cha moto. Aliweka kikombe chini, akapanda hadi kwenye trekta, akaegemea kiti, akaweka kiganja chake juu ya bati, mahali palipokuwa na alama ya kisigino cha mumewe.

Aliuondoa mkono kabla hajajua ameuondoa.

"Arvil!"

"Nini?"

"Hii inachoma! Imezimwa nusu saa nzima na bado inachoma!"

"Usikuze mambo."

"Njoo uguse. Si kwa mguu. Kwa mkono."

Alikuja, akaweka kiganja chake kigumu, na uso wake ukabadilika. Aliuondoa mkono, akaurudisha, akaondoa tena. Kisha, bila kutaka, akatazama mguu wake wa kulia. Glenna naye akautazama. Alikuwa amevaa viatu vya turubai, kwa sababu buti zilikuwa zikimbana tangu miguu yake ianze kuvimba. Soli ya kulia, kwenye kisigino, ilikuwa imelainika ikapata chapa ya vinundu vya lile bati, safu kwa safu, kama biskuti.

"Vua kiatu," Glenna alisema.

"Nitavua nyumbani."

"Arvil Deaton, kaa chini uvue kiatu."

Alikaa kwenye ubao wa pikapu. Alifungua kamba polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kuchelewesha. Soksi ilikuwa imeshikamana na ngozi. Glenna aliilowesha kwa maji ya chupa, akaivuta kidogo kidogo. Chini ya kisigino kulikuwa na lengelenge kubwa kama yai, na pembezoni mwake ngozi ilikuwa nyeupe.

Glenna aliliangalia kwa muda.

"Hii inauma?"

"Kidogo."

Alichukua kile kipande cha penseli mfukoni mwa Arvil, akagusa kwa ncha yake kidole gumba cha mguu. "Na hapa?"

Arvil alikuwa akimtazama usoni. "Ndiyo."

"Fumba macho."

"Glenna."

"Fumba macho, mzee wangu."

Alifumba. Ndege mmoja aliimba kule kwenye miti, akanyamaza.

"Nagusa wapi?"

Arvil alijaribu kukisia, kisigino au kidole. Baada ya muda alifumbua macho akaona penseli imelala kwenye ubao na mikono yote miwili ya mkewe iko mapajani mwake.

"Mwezi wa tatu," Glenna alisema, "yule muuguzi wa sukari alikuchoma kwa kile kiuzi cha plastiki cha kupimia hisia. Uliniambia mguu wako uko mzima. Alikuandikia mguu mzima."

"Nilikuwa naangalia mkono wake. Ukisogea nasema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wangesema nisipande trekta."

Glenna hakupiga kelele. Alikunja soksi iliyochafuka, akaitia kwenye mfuko wa mkate. "Ulikuwa unaipima mashine kwa mguu uliokufa," alisema. "Miezi miwili."

Simu ilikuwa na mtandao mahali pamoja tu pale kilimani, pembeni mwa jiwe jeusi la mzee Deaton wa kwanza. Glenna alisimama hapo akapiga zahanati, na alisema kwa sauti ambayo Arvil aliisikia neno kwa neno: ana kisukari, ameungua kisigino, hasikii maumivu mguuni, na alidanganya kwenye kipimo. Mara mbili alirudia neno hilo la kudanganya, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili hakusikia vizuri. Kisha akauliza maswali, akaitikia, akarudi.

"Kesho saa mbili asubuhi. Usilipasue lengelenge, usilikanyage. Ukipata homa usiku, hospitali. Mguu ukae juu tangu sasa."

"Na makaburi?"

"Nimesema mguu ukae juu."

*

Alipokuwa ameufunga ule mguu kwa kitambaa safi na kuuinua juu ya kikapu cha chakula, Glenna alirudi kwenye trekta. Alipiga magoti, akalaza shavu majanini, akaangalia chini.

"Hii feni ndogo nyeusi hapa ni ya nini?"

"Ya kupoza giya. Inavuta hewa kutoka chini."

"Kutoka wapi chini? Kote kumefungwa."

Arvil alijiinua kwa kiwiko.

"Arvil, nimepika sufuria kubwa kuliko wewe. Ukifunika, kinachemka. Umeifunika."

"Niliacha nafasi," alisema, lakini polepole, na alikuwa tayari anaiona: siku ile bandani mwezi wa kwanza, theluji mlangoni, yeye amelala chali akipima na kukata mkanda, akikaza bolti kumi na mbili, akifikiria kisiki na ukanda wa udongo kwenye kaburi la mama yake Hobert. Nafasi aliyoacha ilikuwa upana wa vidole viwili. Ilitosha kwa siku kavu ya majani mafupi.

"Spana ya kumi na tatu," alisema hatimaye. "Iko kwenye sanduku jekundu. Anza na za nyuma."

"Nyuma ipi? Yangu au yake?"

"Yake. Yako naijua."

"Mjinga wewe," Glenna alisema, akiingia chini ya trekta, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu kiatu kivuliwe kwa mmoja wao kucheka.

Ilimchukua karibu saa nzima. Bolti mbili zilikuwa na kutu, akalazimika kupanda na kushuka kuuliza zinazungushwa upande gani. Mkanda ulipoanguka, ulianguka na mzigo. Juu yake kulikuwa na majani ya miezi miwili, yamekandamizwa na kukaushwa mpaka yakawa tabaka jeusi, na yalipomwagika yalitoa harufu ya chai iliyoungua. Feni ilikuwa imezibwa kabisa. Glenna aliikwangua kwa kijiko cha maharage, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Alitoka akiwa mweusi mpaka masikioni. Aliuburuta ule mkanda hadi kwenye pikapu, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya kikapu chini ya mguu wa Arvil.

"Utakufaa hapo," alisema.

"Na visiki?"

"Nitavitazama. Mimi naona mbele yangu." Alirekebisha miwani yake ya zamani. "Kiasi."

Hakuwahi kuiendesha mlimani. Arvil alimwambia: mwendo mdogo, panda na ushuke moja kwa moja, usikate ubavuni, ukiona unaogopa achia pedali. Safu yake ya kwanza aliiendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba maji ya moto. Safu ya pili alinyoosha mgongo. Kila mwisho wa safu aliteremka, akaweka kiganja juu ya bati, akahesabu kwa sauti ili mumewe asikie.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Inashikika!"

Arvil aliandika. Dakika ishirini. Thelathini. Arobaini na mbili, na magurudumu bado yalikuwa yakisukuma.

Tatizo lilikuwa mawe madogo. Kutoka kwenye pikapu Arvil alielekeza kwa mkono na kupaza sauti, lakini kelele ya injini ilimeza maneno. Safu ya saba visu viligonga kitu. Glenna alizima, akashuka, akatazama, akainua kipande cha jiwe kilichovunjika pembe.

"Nani huyu?"

"Mtoto wa Lula. Pacha wa pili."

Glenna alikirudisha kipande mahali pake kwa mikono miwili, akakikandamiza.

*

Hobert aliporudi, saa kumi na moja kasorobo kamili, alimkuta shemeji yake juu ya trekta, mweusi kama mchimba makaa, na binamu yake ameketi nyuma ya pikapu, mguu uliofungwa kitambaa ukiwa juu ya mkanda wa mgodini. Alihesabu safu. Zilikuwa nane kati ya kumi na nane. Nusu ilikuwa tisa.

"Umepungukiwa moja," Hobert alisema.

"Ndiyo."

"Mguu umefanyaje?"

Arvil angeweza kusema amejikwaa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Umeungua kwenye bati," alisema. "Siusikii. Ni muda mrefu sasa. Na ule mkanda nilioufunga ndio ulioziba hewa, kwa hiyo hata trekta ni kosa langu."

Hobert alitazama chini. Alitoa simu mfukoni, akaishika bila kuiwasha. Pale walipokuwa haikuwa na mtandao hata hivyo. Ingembidi apande mpaka jiwe jeusi, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya majani marefu.

"Kabla hujaenda kupiga," Arvil alisema, "chukua hiyo fimbo hapo. Tembea mbele ya Glenna. Siwezi kutembea, na yeye hajui walipo wale wasio na majina. Ukifika kwenye kaburi la mama yako, hatua mbili kushoto juu, kuna mmoja. Mwonyeshe."

"Hatua mbili kushoto? Hakuna kitu pale."

"Yupo."

Hobert alikwenda na shati lake lililokunjwa kwa usawa, akafunua majani kwa fimbo. Aliinama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona jiwe.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti.

"Kaka yako. Kabla yako. Aliishi siku tatu. Mama yako ndiye aliyenionyesha."

Glenna alikuwa amezima injini. Hobert alibaki pale, akaondoa majani kwa vidole, moja moja, mpaka jiwe lote likaonekana. Halafu akachomeka tawi kavu kando yake kama alama, akarudisha simu mfukoni, akasogea mbele.

"Anayefuata?" aliita.

"Hatua tano. Kulia kwa mwerezi."

Walikwenda hivyo mpaka umande ukaanza kushuka na majani yakaanza kushikamana na visu. Umande ukishaingia, visu havikati tena, vinachana. Hobert alisema wangeweza kubana safu moja zaidi, Arvil akasema hapana, akaeleza kwa nini, na Hobert akakubali. Zilibaki safu nne za juu, ambako kulikuwa na kumi na mmoja wasio na majina.

"Kesho asubuhi tuko zahanati," Glenna alisema. "Mchana tutarudi."

"Nitakuja na fimbo," Hobert alisema. "Msianze bila mimi."

"Wewe ndiye usianze bila mimi," Arvil alisema.

Glenna aliegesha trekta chini ya mti wa mpopla, akachomoa ufunguo. Aliweka kiganja juu ya bati kwa mara ya mwisho, akahesabu mpaka tisa, akampungia mumewe mkono. Arvil aliandika tisa. Kisha mkewe akaja kwenye pikapu, akainamia mguu, akaweka mkono wake mweusi kando ya kitambaa.

"Na huu je? Umepoa?"

Arvil alimwangalia usoni, kama alivyozoea, akitafuta jibu humo. Halafu akageuza macho, akatazama zile safu nne zilizobaki.

"Sijui," alisema. "Niambie wewe."